Bustani ya Mlangoni: Somo la Chakula na Njaa katika Kibondo na Kasulu



Mtu apitaye njia ya Kasulu kwenda Kibondo wakati wa mvua huona nchi ya kijani tupu. Huona mihogo vilimani, maharage chini ya migomba, na mahindi mpaka ukingoni mwa barabara. Naye hujiuliza moyoni, “Je, nchi kama hii yaweza kuwa na njaa?” Twamjibu ya kuwa yaweza, na imekuwa nayo mara nyingi. Lakini njaa ya huku haifanani na ile ya nchi kavu, ambako mvua ikikosekana watu wote hulia pamoja. Njaa ya milima yetu hujificha ndani ya nyumba. Mtoto hula ugali wa muhogo asubuhi na jioni, tumbo lake hujaa, wala halii, lakini hakui. Jirani hapigi kelele, kwa kuwa haoni neno.

Katika nchi nzima ya Tanzania, uchunguzi wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha ya kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Basi somo la mwezi huu ni la chakula, hasa chakula cha watu wasio na shamba: wapangaji wa mijini na wale waliokaa kambini. Tutatazama kwanza asili ya shida, kisha hesabu yake, kisha kazi ya mikono, na mwisho tuulize jirani apaswa kufanya nini.

1. Asili ya shida

Zamani Mha alijenga nyumba yake katikati ya migomba. Hakwenda mbali kutafuta mboga, maana shamba lilianzia mlangoni. Samadi ya ng'ombe na majivu ya jikoni vilirudi shinani mwa mgomba, nao ukawalisha wajukuu. Kisha mambo mengi yakaja kwa zamu. Wakati wa utawala wa Waingereza wanaume wengi wa Buha walikwenda mbali, hata mashamba ya mkonge ya Tanga, wakaitwa manamba; kazi yote ya jembe ikabaki kwa wanawake. Katika miaka ya 1930 ugonjwa wa malale ulienea, na serikali ikawahamisha watu wengi kutoka maporini na kuwakusanya mahali pamoja, wapate kuepukana na mbung'o. Tena mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, ambayo kwayo watu waliohamishwa walikusanywa katika vijiji vya ujamaa. Shule na zahanati zikawa karibu, nalo ni jambo jema. Lakini kwa wengi shamba likawa mbali na nyumba, na migomba ya babu ikaachwa porini.

Siku hizi miji imekua. Mtu huja Kasulu au Kibondo kutafuta kazi ya kibarua, kushona nguo, au kuuza dagaa sokoni. Hupanga chumba kimoja, na mbele ya mlango ana ua usiozidi mkeka. Kila jani alalo hulinunua. Mwezi wa Desemba na Januari, maharage mapya yakiwa hayajaiva na ya zamani yamekwisha, bei hupanda, naye hana pa kukimbilia. Mwenye shamba huvumilia kwa kuchimba muhogo. Mpangaji hana muhogo wa kuchimba.

Pamoja na hao wako wageni. Nchi hii ya mpakani imepokea watu waliokimbia vita mara nyingi. Baada ya rais wa Burundi kuuawa mwezi wa Oktoba 1993, maelfu walivuka na kuingia Kibondo na Kasulu. Mwaka 1996 kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa katika wilaya ya Kasulu kwa ajili ya Wakongo. Mwaka 2015 Warundi wakaja tena, Nyarugusu ikafurika, na kambi ya Nduta iliyo karibu na Kibondo ikafunguliwa upya. Kambi yenye watu zaidi ya 100,000 ni mji kwa kweli, ijapokuwa nyumba zake ni za matofali mabichi na maturubali. Nayo ina shida ya mji: watu ni wengi, ardhi ni haba, na chakula hutoka mbali.

2. Hesabu ya chakula

Wenye elimu ya chakula hupima nguvu yake kwa kipimo kiitwacho kalori. Mgao kamili wa mtu mmoja kambini umewekwa kuwa kalori 2,100 kwa siku, nao hutolewa kwa unga wa mahindi, kunde, mafuta, chumvi, na unga wa uji. Lakini mgao hutegemea fedha za mataifa, nazo zikipungua, kibaba hupungua pia. Mwaka 2017 mgao ulikatwa, na mwaka 2023 Shirika la Chakula Duniani liliushusha hata nusu. Nusu ya 2,100 ni 1,050.

Hapo wengine husema, “Na walime bustani.” Wengine huongeza ile methali isemayo kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nasi twapenda bustani, kama mtakavyoona hapa chini. Lakini yatupasa kuhesabu kabla ya kusema. Kilo moja ya mchicha ina kalori 230 hivi. Basi mtu aliyepungukiwa na kalori 1,050, akitaka kuzijaza kwa mchicha peke yake, itampasa kula zaidi ya kilo 4 za mchicha kila siku. Hakuna tumbo liwezalo kazi hiyo, wala hakuna bustani ya mlangoni iwezayo kuitoa kwa nyumba yenye watu sita. Kalori zile zile hupatikana katika unga wa mahindi usiofika theluthi moja ya kilo.

Kwa hiyo shikeni neno hili, maana ndilo shina la somo letu: bustani ndogo haichukui mahali pa ugali, bali huukamilisha. Ugali hutia nguvu ya kulima na kutembea. Mboga hutia vile vitu vidogo vilindavyo macho, damu na ngozi, ambavyo ugali hauna. Mtu akikosa ugali atadhoofika hata akiwa na bustani nzuri; naye akikosa mboga ataugua hata akishiba. Asemaye kwamba gunia la mchicha latosha badala ya mgao, ama hajahesabu, ama hataki kuhesabu.

3. Kazi ya mikono: bustani ya gunia

Bustani ya gunia yafaa sana mahali pasipo ardhi. Baada ya vurugu za mwaka 2008 nchini Kenya, watu wa Kibera katika mji wa Nairobi walifundishwa kulima hivyo mbele ya vyumba vyao, na katika kambi za Kigoma pia watu wamelima magunia. Kazi yenyewe ni hii.

Kwanza, tafuta gunia kubwa la mahindi lisilotoboka, na kopo kubwa lililokatwa juu na chini likawa kama bomba. Changanya udongo mzuri madebe matatu na samadi iliyooza debe moja au zaidi. Samadi mbichi isitumike, kwa kuwa huunguza mizizi. Usipokuwa na samadi, tengeneza mboji kwa maganda ya ndizi, majani, na majivu kidogo. Ifunike, uigeuze mara kwa mara, na baada ya miezi miwili au mitatu itakuwa nyeusi na kunukia udongo.

Pili, simamisha kopo katikati ya gunia, ulijaze mawe madogo. Tia udongo pande zote mpaka ufikie juu ya kopo. Kisha vuta kopo juu polepole, mawe yabaki. Ulijaze tena mawe, utie udongo tena, hata gunia lijae. Hivyo katikati ya gunia patakuwa na nguzo ya mawe, nayo ndiyo njia ya maji. Asiyeweka mawe ataona maji yakilowesha juu tu, na miche ya chini ikinyauka.

Tatu, toboa matundu ubavuni mwa gunia, yasifuatane mstari mmoja juu na chini, bali yapishane, mizizi isigombane. Pandikiza miche ya sukuma wiki, spinachi au mnavu katika matundu. Na juu ya gunia panda mchicha au vitunguu. Gunia kubwa laweza kuchukua miche 20 hata 30. Mchicha huchumwa baada ya wiki tatu au nne. Sukuma wiki hukawia zaidi, lakini huchumwa jani moja moja kwa miezi mingi.

Nne, maji. Katika nchi yetu mvua huanza mwezi wa Oktoba hivi na kwisha Mei. Juni mpaka Septemba ni kiangazi, na ndipo mboga zina bei kubwa na bustani ina faida kubwa. Maji ya kuoshea mboga na mchele yasimwagwe. Yatiwe juu ya nguzo ya mawe asubuhi na jioni. Maji yenye sabuni nyingi hayafai, wala maji ya mtaro upitao karibu na vyoo hayafai kabisa, maana huleta kipindupindu na minyoo mezani.

Tano, wadudu na wezi wa bustani. Majivu makavu hunyunyizwa juu ya majani asubuhi na mapema kungali na umande, nayo huwasumbua chawa wa mimea. Mbuzi na kuku wazuiwe kwa ua wa miti au matete. Dawa za dukani zisitumiwe mlangoni pasipo maelezo ya bwana shamba, kwa kuwa watoto huchuma na kula pasipo kuosha.

4. Nini kipandwe

Mwenye kiwanja kidogo, hata hatua kumi kwa kumi, asipande mboga peke yake. Na apande viazi vitamu, kwa maana kiazi humpa vyakula viwili: matembele wakati wa kukua, na viazi baada ya miezi minne au mitano. Tena, akipata mbegu ya viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, atawapa watoto vitamini A, ambayo hulinda macho. Maboga nayo yafaa, maana majani, maua, tunda na mbegu zote huliwa, na mmea wenyewe hutambaa juu ya ua au paa pasipo kudai ardhi. Mgomba mmoja wapandwe palipo na maji ya kuogea. Pilipili, nyanya chungu na lengalenga hazikosi nafasi ukingoni.

Muhogo ni rafiki wa wakati wa njaa, lakini uangaliwe. Magonjwa mawili huuharibu: batobato, ambayo hukunja majani na kuyatia madoa ya manjano, na michirizi ya kahawia, ambayo huozesha kiazi ndani wakati majani yangali yaonekana mazima. Kwa hiyo usichukue vijiti vya kupanda kutoka shamba usilolijua. Uliza habari za mavuno yake kwanza, na kata kiazi kimoja utazame ndani. Na muhogo mchungu una sumu. Lazima ulowekwe siku kadhaa na kuanikwa vizuri. Wakati wa njaa watu hufupisha kazi hii kwa haraka, na haraka hiyo imewaumiza wengi. Kisamvu nacho kitwangwe na kuchemshwa sana.

Katika mapishi kuna neno moja dogo lenye faida kubwa: mboga za majani zitiwe mafuta kidogo, maana vitamini A haiingii mwilini vema pasipo mafuta. Watu wa Kigoma mmebarikiwa kuwa na mawese mekundu. Tone la mawese katika matembele ni chakula na dawa pamoja. Na dagaa wa Tanganyika kiganja kimoja, waliotwangwa na kutiwa katika uji wa mtoto, wafaa kuliko soda chupa tatu.

5. Mikono pasipo ardhi

Sasa twarudi kwenye methali ile ya mtegemea cha nduguye. Ni methali ya kweli kwa mtu mwenye jembe na shamba ambaye amelala. Lakini je, yafaa kumwambia mtu asiyepewa pa kuchimba?

Tutazame mambo yaliyotukia nchini mwetu wenyewe. Mwaka 1964 Shirikisho la Kilutheri Duniani lilianzisha kazi ya kuwahudumia wakimbizi katika nchi hii, iitwayo TCRS. Warundi walipokimbia mwaka 1972, serikali ya Tanzania, Umoja wa Mataifa na TCRS waliwajengea makazi ya Ulyankulu na Katumba, na mwaka 1978 yakaongezwa ya Mishamo. Huko kila nyumba ilipewa shamba. Mwanzo walilishwa, kwa kuwa pori lilikuwa halijafyekwa. Lakini baada ya miaka michache walijilisha wenyewe, mgao ukakoma, wakauza mahindi na tumbaku hata kuwalisha wengine. Wengi wao wamekwisha kupewa uraia.

Wale waliokuja Kibondo na Kasulu tangu mwaka 1993 walikuwa watu wa kabila zile zile, wenye mikono ile ile na ujuzi ule ule wa maharage na ndizi. Lakini mashauri yalikuwa yamegeuka. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 iliwataka wakae mahali walipoagizwa, wala hawakupewa mashamba. Serikali ilikuwa na sababu zake: mzigo ulikuwa mzito, ardhi ya wenyeji ilikuwa na wenyewe, misitu ilikatwa kwa kuni, na usalama wa mpakani ulitiliwa shaka. Hatusemi hapa nani ana haki katika shauri hilo. Twasema tu ya kuwa katika Katumba watu walijilisha, na katika Nyarugusu mgao ulipokatwa watu waliona njaa, na tofauti yao haikuwa uvivu. Ilikuwa ardhi.

Jambo hilo hilo lamhusu mpangaji wa mjini. Serikali yetu haijakataza kulima mijini. Mwaka 1972 watu wote waliitwa kwenye kilimo kwa tangazo la Iringa, Siasa ni Kilimo, na kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 ziliruhusu mtu mmoja mpaka ekari tatu. Lakini ruhusa ya ekari tatu haimsaidii asiye na hatua tatu. Hata katika nchi ya Kuba, ambako watu wa mji wa Havana walisifiwa sana kwa bustani zao baada ya Urusi ya Kisovieti kuanguka mwaka 1991, neno la kwanza lilikuwa serikali kuwapa watu viwanja vilivyokaa bure. Nao pamoja na bustani hizo hawakuacha kununua ngano na mchele ng'ambo.

6. Yatupasayo

Basi tufanye nini? Twaona mambo manne ambayo usharika wowote waweza kuyafanya pasipo kungoja fedha za mbali.

La kwanza, kiwanja cha usharika kisikae majani. Pembe yake moja na wapewe wapangaji wasio na ardhi, kwa msimu mmoja mmoja, kwa maandiko yaeleweke kwa pande zote mbili, mtu asije akafukuzwa mboga zikiwa tayari.

La pili, iwepo bustani ya mbegu: vijiti safi vya muhogo, marando ya viazi lishe, na kitalu cha miche. Maskini hukwama mara nyingi kwa kukosa mbegu wala si kwa kukosa nguvu.

La tatu, mwenye nyumba na amruhusu mpangaji wake kuweka magunia uani. Hayamharibii ukuta, wala hayamnyimi kodi.

La nne, tusiwacheke wala tusiwaogope wenye njaa. Twajua ya kuwa mihogo imeibiwa mashambani karibu na kambi, na wenyeji wamelia kwa haki, maana nao ni maskini. Lakini kila mgao ulipokatwa, aliyeumia wa pili alikuwa mwenyeji. Kwa hiyo anayemtakia jirani yake kibaba kamili hulinda na shamba lake mwenyewe.

Haba na haba hujaza kibaba, ndivyo wasemavyo wazee. Gunia moja la mboga ni haba, nasi twawaomba mlipande mwezi huu, kiangazi kisije kikawakuta hamna kitu. Lakini msisahau ya kuwa kibaba chenyewe lazima kiwepo, ndipo haba ipate pa kutiwa.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Katika mtaa wenu, ni nyumba ngapi zisizo na shamba? Zapata wapi chakula mwezi wa Desemba na Januari?

2. Kwa nini mchicha hauwezi kuchukua mahali pa unga? Mwelezeni mtu asiyejua kusoma, kwa maneno yenu wenyewe.

3. Warundi wa Katumba na wa Nduta walitofautiana katika jambo gani? Tofauti hiyo yatufundisha nini juu ya maskini wa mjini?

4. Ni ardhi gani ya usharika ikaayo bure? Nani apewe, na kwa masharti gani?

5. Kila mmoja aje mkutano ujao na mbegu ya namna moja katika karatasi, aseme aliipata wapi na hupandwa lini.